Stoo Namba Tisa

Mimi ndiye mwenye funguo.
Miaka kumi na tisa hapa chuoni Nizwa,
viti vya mguu mmoja, projekta zilizopofuka,
vyote hupita mkononi mwangu,
na kila kimoja kina karatasi yake.

Na mabango ninayo.
Kila mwezi wa tatu tuna Wiki ya Ujasiriamali:
zulia jekundu, halwa ya zafarani, kahawa,
na mgeni kutoka Maskati aliyerithi maduka saba
huwafundisha watoto namna ya kuanza na sifuri.
Wanapiga makofi. Wanapiga picha.
Alhamisi jioni bango linarudi kwangu, nalikunja.
Mwaka huu nimekunja la kumi na moja.

Sasa huyu Shinuna, binti wa kemia, mwaka wa tatu,
alinijia wino wa bango haujakauka.
Hakutaka hotuba. Alitaka kona.
"Mita mbili kwa tatu, ami, na soketi moja."
Kwao Birkat al-Mauz ndimu huanguka zenyewe,
huoza ukingoni mwa falaji,
naye ameunda kaushio kwa bati
na feni ya kompyuta iliyokufa.
Nikamwambia: barua.
Usinicheke. Mtu wa stoo asiye na barua ni mwizi.

Barua ikatoka kwa karani, ikaenda kwa mkuu wa idara,
mkuu akaandika "nimeiona",
ikaenda kwa watu wa usalama,
wakauliza kama ndimu hulipuka,
ikaenda fedha, ikalala.
Wiki tisa.
Ndimu haingoji saini.

Aliyeiamsha ni Dokta Muatasim wa hesabu za biashara.
Alikuja mwenyewe, akaichukua, meza hadi meza,
kama anayemvusha mtoto barabara.
Kisha akabadili mtihani wake. Swali moja tu:
Muuzie kitu mtu asiyekupenda.
Mama hahesabiwi. Shangazi hahesabiwi.
Leta daftari, hata liwe la hasara;
hasara iliyoandikwa vizuri ina maksi zake.

Mzigo wa kwanza ulifanya ukungu. Kilo arobaini.
Nilimkuta sakafuni kati ya viti vibovu,
kalamu nyekundu mkononi, machozi yamekauka shavuni, anaandika:
riale kumi na nane na baisa mia sita, zimekwenda.
Baba yake akapiga simu. Nilisikia, stoo ina mwangwi.
"Mwanangu, wizarani wametangaza nafasi.
Kiti, kiyoyozi, pensheni."
"Ndiyo, baba," akasema. Akakata. Akaendelea kuandika.
Nami sikumlaumu mzee. Mimi mwenyewe ni mtu wa kiti.

Alipewa themanini na nne. Kwa ukungu!
Wenzake wenye mipango ya kurasa hamsini
na michoro ya rangi
walinuna mpaka muhula ukaisha.

Lakini maksi hazinunui bati.
Kilichomsimamisha ni kitu kidogo, hakikuingia gazetini:
chuo kilimwambia mpishi wa kantini
anunue ndimu kavu kwake, mifuko mitatu kwa wiki,
kwa bei ya sokoni, na alipwe Alhamisi hiyohiyo.
Haikuwa sadaka. Alikuwa mteja.
Nilimwona akizihesabu noti za kwanza,
mara mbili kwa uangalifu,
mara ya tatu kwa utamu wake tu.

Sijui kama atatajirika.
Huenda mwakani akakaa kwenye kiti cha wizara
na kaushio likanirudia, nikaliandikia karatasi.
Ila viti vyangu vibovu vimepungua:
vijana wawili wa uhandisi wanavitengeneza, wanaviuza,
na mimi, mzee mzima, wananidai risiti.

Jana Shinuna aliomba turubai ya kuanikia juu ya paa.
Sikumuuliza barua.
Nikampa bango, lile la mwaka wa nne,
akalitandaza, akamwaga ndimu juu ya maneno makubwa
mpaka yakafunikwa yote.

Nikashuka, nikafungua kitabu changu, nikajaza:
Bango, moja. Limetoka. Linatumika.